Maranda ya Mzee Masila

Kila asubuhi kabla ya kuvaa sare, Mwongeli alifungua mlango wa roshani, akapiga magoti mbele ya kizimba cha sungura wake, akavuta pumzi ndefu. Msije mkadhani alikuwa anamjulia hali sungura. Sungura alisubiri. Mwongeli alikuwa ananusa maranda.

Yalikuwa maranda ya mtarakwa, ule mti mwekundu wenye harufu tamu unaotengenezewa nguzo za ua na makabati. Babu yake, Mzee Masila, ni seremala mjini Kajiado, na Mwongeli alilelewa nyumbani kwake. Alifanyia kazi za shule kwenye benchi la useremala huku Babu akipiga randa kando yake. Maranda yaliyojikunja yalimwangukia kichwani, na Babu akamwita bibi harusi. Nyumba nzima ilinukia mtarakwa, hata ugali.

Kisha Mama akapata kazi katika kiwanda cha nguo, wakahamia Kitengela, kwenye nyumba ya ghorofa. Hapo hapakuwa na ua wala benchi. Ukichungulia dirishani uliona ghorofa nyingine, na nyuma yake nyingine tena. Siku ya kuhama, Babu alimpa vitu viwili: sungura mdogo wa rangi ya ufuta, aliyeitwa Simsim, na gunia la maranda.

"Mtandikie haya," Babu alisema. "Ukiyanusa, utajua sijaenda mbali."

Basi Mwongeli alitandika maranda tele, mpaka Simsim akazama nusu. Na kwa kuwa upepo wa nyanda za Athi hauna adabu, aliziba pande zote za kizimba kwa katoni. Aliyeigundua shida kwanza ni Najah, rafiki yake wa nyumba ya jirani.

"Huyu Simsim anapiga chafya sana," Najah alisema jioni moja. "Na angalia, pua imelowa."

"Ni vumbi tu la Kitengela. Hata mimi napiga chafya."

"Lakini wewe hujaacha kula."

Mwongeli alitazama jani la sukuma wiki alilomwekea Simsim asubuhi. Lilikuwa palepale, limenyauka.

"Baba yangu anauza mbuzi soko la Kajiado," Najah aliendelea. "Yeye husema mnyama akiacha kula, usingoje kesho."

Mwongeli aliudhika. Nani angempenda Simsim kuliko yeye? Najah alipokwenda kwao, alifikiri labda matandiko yamechakaa, akachota maranda mengine gunia­ni na kuyaongeza. Alidhani anatibu, kumbe anazidisha ugonjwa.

Kulipokucha, Simsim alikuwa ameinua kichwa juu, anahema kwa shida, macho mekundu. Mwongeli alilia kwa sauti mpaka Mama akaja mbio na kijiko mkononi.

"Nyamaza, chukua kikapu," Mama alisema. "Leo Jumamosi siendi kazi. Twende kwa daktari."

Daktari wa mifugo aliitwa Nailantei, mama mrefu mwenye sauti ya upole, na alikuwa na duka la dawa karibu na soko. Alimsikiliza Simsim kifua, akamwangalia puani. Halafu akainama, akanusa kikapu.

"Analalia nini huyu?"

"Maranda ya mtarakwa," Mwongeli alijibu kwa fahari. "Ya Babu yangu. Na upepo haumfikii, tumeziba kizimba pande zote kwa katoni."

Daktari Nailantei alitikisa kichwa. "Harufu hii inatoka kwa mafuta yaliyo ndani ya mti. Ndiyo maana wadudu hawaupendi. Mimi na wewe tunanusa kidogo, tunapita. Simsim pua yake iko ndani usiku na mchana, na umeniambia mmeziba kwa katoni. Inamchoma mapafu."

"Lakini yametoka kwa Babu," Mwongeli alisema, kana kwamba jambo hilo lilimaliza mazungumzo.

"Babu hakukusudia mabaya, wala wewe. Ila akirudi kulalia haya, mtampoteza."

Alimpa Simsim dawa, kisha akamwongoza Mwongeli mpaka kwenye rafu. Alichukua punje kadhaa za kijivu, akaziweka kwenye kisahani. Zilikuwa za karatasi kuukuu iliyosagwa na kushindiliwa. Alizimwagia maji kidogo. Punje zilivimba, zikayanywa maji yote, na kisahani kikabaki kikavu.

"Mkojo nao zinaunywa hivyo," alisema. "Hazina vumbi, na hata akitafuna kidogo hazimdhuru. Ziko aina mbili. Chagua mwenyewe."

Mfuko mmoja ulikuwa na picha ya maua, na punje zake zilitiwa manukato. Mwingine haukuwa na picha wala harufu yoyote. Mkono wa Mwongeli ulikwenda wenyewe kwenye ule wa maua. Aliunusa, akafumba macho. Haikuwa harufu ya Kajiado, lakini angalau ilikuwa harufu.

"Atakayelala humo ni nani?" Daktari Nailantei aliuliza.

Mwongeli alimtazama Simsim kikapuni, jinsi mbavu zake zilivyopanda na kushuka. Aliurudisha mfuko wa maua polepole, akaukumbatia ule mwingine.

"Huu haunuki chochote," alisema, machozi yakimlengalenga.

"Ndiyo sababu unafaa. Utandaze chini, juu yake uweke nyasi kavu. Zilizolowa uzitoe kila siku. Na zile katoni ondoa, mwache apumue. Upepo ukizidi, kinga upande mmoja tu."

Walipofika nyumbani Mwongeli aliosha kizimba, akakianika juani na kukitandika upya. Gunia la maranda alilifunga kwa kamba, akaliweka nyuma ya mlango. Siku zilivyopita, chafya zikapungua. Asubuhi moja jani la sukuma likaliwa lote, likabaki shina, na Mwongeli akacheka peke yake. Hata hivyo alimkosa Babu kuliko siku zote. Alipofungua roshani, Kajiado haikuwapo tena.

Kisha Babu akapiga simu. "Nakuja Jumapili! Nawaletea gunia lingine. Nimeranda mtarakwa mpya, unanukia mpaka barabarani!"

Mwongeli alimpa Mama simu. Angemwambiaje mzee kwamba zawadi yake ilikaribia kumuua Simsim? Jumapili asubuhi alifungua lile gunia la nyuma ya mlango, akachota maranda kwa mikono miwili. Siku moja tu, alijiambia. Babu akiondoka nitayatoa. Alifungua kizimba, na Simsim akamkimbilia, akanusa mikono yake. Akapiga chafya.

Mwongeli aliyarudisha maranda gunia­ni, akafunga kamba, akanawa mikono kwa sabuni.

Babu aliingia na gunia begani, akimwita bibi harusi kutoka mlangoni. Hata chai hakungoja. Alikwenda moja kwa moja kwenye roshani, akainama.

"Maranda yangu yako wapi?"

Mama alifungua kinywa, lakini Mwongeli akamwahi. "Babu, yalimfanya Simsim mgonjwa. Daktari amesema mafuta ya mtarakwa yalimchoma mapafu. Sasa analalia punje za karatasi. Nisamehe, Babu. Nilitaka kukuficha."

Babu aliketi kwenye kigoda. Alikohoa kile kikohozi chake kikavu ambacho Mwongeli alikizoea tangu utotoni.

"Nilidhani nampa kitu kizuri," alisema. Ghafla akaanza kucheka. "Unajua, daktari wa Kajiado ameniambia nifunge kitambaa puani nikiranda. Mimi nikamwambia harufu ya mtarakwa ni dawa. Sikio la kufa!"

"Babu! Sasa wewe utafunga?"

"Nitafunga. Sungura asinishinde akili."

Aliomba sindano na uzi. Alitoa kitambaa chake mfukoni, akakishona kuwa kifuko kidogo, akakijaza maranda mapya na kukifunga mdomo. Alimwekea Mwongeli mkononi.

"Hiki weka kabatini, kati ya sare zako. Harufu ni yako, karatasi ni ya Simsim. Sikiliza, mjukuu wangu. Ukimpenda mwenzako, mpe kinachomfaa yeye, si kinachokufurahisha wewe. Na ukigundua umekosea, sema mapema, hata kama anayesikiliza ni mzee mwenye gunia begani."

Mwongeli alimkumbatia. Shati la Babu lilinukia vilevile.

Kesho yake, Mwongeli alipotoka shuleni, sare yake bado ikinukia Kajiado, Babu alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mbali, kama anayeongea chini ya blanketi.

"Babu, sikusikii!" Mwongeli alipaza sauti. "Uko wapi?"

"Niko kwa benchi! Nimefunga kitambaa!"