Faili la Ishirini

Giza lilikuwa linaanza kushika barabara nilipofika kwa fundi wa kompyuta. Alikuwa amenipa mgongo, ameinamia taa yake ya mezani, bisibisi mkononi.

"Fundi!"

Kimya.

"Fundi, habari za jioni!"

Akaweka bisibisi chini taratibu. Akageuka, akanitazama usoni, macho, pua, mdomo, ndipo akajibu. "Nzuri. Karibu."

Sikupenda. Mimi ni mtunza stoo. Kazi yangu ni kukishuku kila kinachoingia na kila kinachotoka, na mtu anayekukagua kabla ya kukujibu huwa ana lake jambo. Lakini mwenye shida hachagui. Kompyuta yangu ya nyumbani ilikuwa imeanza kugonga kwa ndani. Tk... tk... tk. Na humo ndani ndimo ilimokuwa sauti ya mama.

Mama alifia chumba kile kile chenye kompyuta. Miezi yake ya mwisho aliniomba nimrekodi akisimulia maisha yake, nikamwekea maikrofoni kando ya mto. Tulipata mafaili kumi na tisa. Sikuwa nimeyanakili popote, mimi ninayewafokea wenzangu kazini kwa kuacha mlango mmoja wazi. Mganga hajigangi.

"Diski yako inakata roho," fundi alisema nilipomweleza. "Ongeza ya pili, uhamishie vitu vyako mapema."

Akavuta droo ya chini kabisa, akatoa diski iliyotumika. Aliishika kwa ncha za vidole.

"Ifute yote kwanza, ndipo uitumie. Usitazame kilichomo."

"Ilikuwa ya nani?"

"Iliachwa hapa. Mwenyewe hakurudi."

"Kwani ina nini?"

Akashusha sauti. "Ifute tu, kaka."

Nyumbani hapakuwa na mtu. Mke wangu alikuwa amewapeleka mapacha wetu kwa shangazi yao. Nikazima kompyuta, nikachomoa waya ukutani, nikafungua ubavu wake na kupuliza vumbi. Nikagusa chuma kwanza, ili umeme wa mwilini usije ukaiunguza diski. Kisha nikaitelezesha ile ya pili chini ya ile ya zamani. Skrubu nne. Waya wa umeme, waya wa data. Nikawasha.

Diski mbili zikajitokeza kwenye kioo.

Ningeifuta. Haki ya Mungu, ningeifuta. Lakini mtu akikuambia usitazame, maana yake kuna cha kutazama. Labda ni mali ya wizi, nikawaza, fundi anataka nimfutie ushahidi. Nikaifungua.

Mafaili ishirini ya sauti, yasiyo na majina.

La kwanza lilikuwa la dakika kumi na mbili na sekunde arobaini. Urefu ule niliujua. Nikafungua folda ya mama, nikaziweka folda mbili kando kwa kando. Mafaili kumi na tisa yalilingana na ya mama, sekunde kwa sekunde. La ishirini halikuwa na mwenzake.

Fundi kanichezea, nikajiambia. Lakini fundi hajawahi kufika kwangu, na kompyuta ile haijawahi kutoka chumbani.

Nikabonyeza moja la yale mageni.

Mtu anapumua... Kitanda kinalia... Kisha sauti nyembamba, huwezi kusema ni ya mwanamume au ya mwanamke.

"Umechoka?"

Kimya kirefu.

"Basi nipe mmoja."

Kwenye rekodi zake, mama alikuwa na mtindo wa kunyamaza katikati ya habari, kisha kusema jambo lisilohusika kabisa. Kaka na dada walisema anaweweseka, ni ugonjwa. Mimi nilikuwa nakaa nje ya mlango nikimsubiri amalize, na sikuwahi kujiuliza anamjibu nani.

Nikachukua faili lake la mwisho na mwenzake, nikayawasha kwa pamoja.

"Wa kwanza?" ile sauti ikauliza.

"Hapana," mama akasema.

"Wa pili?"

"Hapana."

"Kitinda?"

Kitinda ni mimi. Kitindamimba wa mama, na hakuna mwingine duniani aliyeniita hivyo. Nikangoja ile hapana ya tatu. Spika zilileta pumzi zake tu, moja, mbili, tatu...

"Huyo muulize mwenyewe," mama akasema.

Nililia. Sina haja ya kuficha. Wenzangu amewakatalia, mimi niliyemwogesha na kumlisha kwa kijiko ananitoa hivi hivi? Nikawa nasema peke yangu, mama, nilikukosea nini? Kwa hasira nikabonyeza faili la ishirini.

Halikuwa na kitu. Kimya tu, na ile diski ya zamani ikigonga. Tk... tk...

Kisha harufu. Mafuta ya kafuri, yale mama aliyokuwa akijipaka kifuani.

Na nyuma yangu, karibu na mlango, sauti yake. Sauti yake kabisa, yenye kukwaruza kidogo kwenye koo.

"Kitinda."

"Naam, mama."

Diski ikaacha kugonga.

Nikageuka. Hapakuwa na mtu. Hapo ndipo akili iliponirudia. Mama alitulea kwa sheria moja: ukiitwa na usiyemwona, usiitike, uliza kwanza ni nani. Kaka alichapwa kwa hilo, dada alichapwa. Mimi sikuwahi kuchapwa hata mara moja, kwa sababu sikuwahi kukosea. Kumbe hakunitoa. Kati ya watoto wake wote, ni mimi aliyeniamini kwamba sitaitika.

Nilipotazama kioo, folda yake ilikuwa imebaki na faili moja. Yale kumi na tisa hayakuwepo, wala hayakuwepo kwenye diski ya pili. Lile moja lilikuwa la sekunde mbili. Nikalisikiliza.

"Naam, mama."

Asubuhi nilirudi kwa fundi, diski nimeifunga kwenye gazeti. Akanitazama usoni muda mrefu kuliko jana.

"Ulisikiliza," alisema.

"Kidogo."

"Mimi nilisikiliza moja tu, tangu hapo simwitikii mtu nisiyemwona." Akasogea nyuma kidogo. "Wewe hukuitika, sivyo?"

"Sikuitika," nikasema.

Hakuipokea ile diski.

Najisikia mzima. Nakula, nalala, stoo naikagua kama kawaida. Mke wangu anauliza tu kwa nini siku hizi nanukia kafuri. Mapacha wangu niliwafundisha ile sheria ya mama tangu walipoanza kusema, na wameishika vizuri mno. Juzi jioni walikuwa uani, nikawaita nikiwa ndani.

"Nani?" wakauliza kwa pamoja.

"Baba yenu."

Wakaja hadi mlangoni. Wakanitazama usoni, macho, pua, mdomo. Kisha wakashikana mikono, wakarudi nyuma hatua kwa hatua.

Hawakuitika.