Pembe Aliyoionja Babu

Juma lile kazi ya Cicily ilikuwa kulinda makaa. Kabla ya kuvaa sare ya shule alipuliza moto jikoni, akasogeza kuni, akahakikisha kibuyu kikubwa kilichokaa kando ya mafiga hakipati baridi wala hakiungui. Akirudi jioni alianza tena. Ndani ya kibuyu mlikuwa na maji, asali kutoka Mbeere na matunda makavu ya muratina, yale yanayogeuza utamu wa asali kuwa pombe. Julai ya kijiji cha Kanja, chini ya mlima, ina baridi ya kuuma masikio, na pombe ya asali haipendi baridi.

Haikuwa pombe ya kulewea. Ilikuwa ya posa. Baba yake mdogo, Salesio, alitaka kumwoa Joyline, binti wa Mzee Bundi wa ng'ambo ya mto. Kwa desturi ya hapo, wazee wa mvulana hawaendi kuomba binti mikono mitupu. Hubeba kibuyu. Wakifika, baba wa mvulana hujaziwa pembe ya kwanza, ile pembe ya ng'ombe ya kunywea, akainywa mbele ya wenyeji, ili waone kwamba walicholetewa hakina ubaya. Ndipo wenyeji nao hunywa. Mvulana mwenyewe hagusi hata tone siku hiyo.

Babu Gachoki, baba yake Salesio, hakuwa mlevi. Tangu amzike mwanawe wa kwanza, hakukubali chupa yoyote ya dukani ivuke lango lake. Mwana huyo alikuwa baba yake Cicily. Alikunywa pombe kali ya kupimwa kwa gilasi huko sokoni, akarudi nyumbani akalala, asiamke. Cicily alikuwa bado anabebwa mgongoni. Msimu huo mazishi yalifuatana vijijini kama misa. Wakubwa wa serikali walikuja na magari na kamera, wakamwaga mapipa mawili ya pombe hiyo barabarani, wakapigwa picha, wakaondoka. Wenye mapipa mengine waliendelea kuuza. Wapo waliokwisha kusahau. Waliochimba makaburi hawajasahau.

"Hii ya asali naijua mama yake na baba yake," Babu alizoea kusema. "Nimeona kila kilichoingia."

Ijumaa, siku moja kabla ya posa, alichovya kidole kwenye kibuyu akalamba. Pombe ilikuwa bado tamu tu, imelala. Akasema ikibaki hivyo wangoje Jumamosi nyingine, na yeye mwenyewe angepeleka ujumbe kwa Mzee Bundi. Salesio akaja juu. Alisema watu wamekwisha kualikwa, mbuzi amefungwa, na wenzake wa bodaboda watamcheka mwaka mzima kwa kushindwa kupeleka kibuyu. Babu akamjibu kwamba kibuyu hakijui haraka ya mtu. Kama kesho hakijaamka, hawaendi. Kisha akapiga chafya, maana alikuwa na mafua, akabeba mkebe wake wa maziwa akashika njia ya kwenda kituo cha kupokea maziwa.

Salesio naye akawasha pikipiki. Aliporudi alikuwa na mtungi wa plastiki wa manjano. Aliingia jikoni, akafungua kibuyu, akamimina. Cicily, aliyekuwa amechuchumaa nyuma ya kuni, aliona kitu cheupe kama maji kikiingia, na harufu ikampanda puani.

"Wewe, umeona nini?" Salesio aliuliza alipomgundua.

"Umetia kitu, Baba Mdogo."

"Kitu gani? Nimeiamsha tu. Kiunga mwenye duka anauzia soko zima hii, na hakuna aliyekufa." Akachuchumaa mbele yake, sauti ikawa laini. "Unamtaka Anti Joyline hapa nyumbani ama humtaki?"

Cicily alimtaka sana. Joyline ndiye aliyemsuka nywele siku ya kufunga shule, ndiye aliyemwambia kwamba akija kuishi hapo watalala chumba kimoja wakati Salesio yuko safarini. Akatikisa kichwa kukubali.

"Basi nyamaza. Ukisema, hakuna arusi, na lawama itakuwa yako."

Akauficha mtungi nyuma ya kuni, ukiwa umebaki na kiasi kidogo chini.

Asubuhi ya Jumamosi Babu alionja tena. Kwa mafua yale hakusikia harufu yoyote, lakini koo lilimwambia kwamba pombe imekuwa kali. Uso ukamkunjuka. Alimwita Cicily, akamwekea mkono kichwani mbele ya watu wote, akasema mjukuu wake ameshinda baridi ya Julai kwa makaa peke yake. Cicily aliangalia vidole vya miguu yake. Wazee wakaondoka na kibuyu.

Waliorudi jioni walirudi wakiimba. Babu alikuwa ameinywa pembe ya kwanza yote, akaipindua kuonyesha kwamba ni tupu. Mzee Bundi akanywa ya pili, na mbili nyingine juu yake kwa furaha. Wazee wengine wanne walionja kila mmoja kwa zamu yake. Joyline alikuwa ametolewa nje, akaulizwa kama pombe hiyo inywewe, akasema inywewe. Hakuna aliyeugua. Cicily alimtazama Babu akila viazi vyake na kusimulia, akajiambia kwamba Baba Mdogo alikuwa amesema kweli.

Sumu ile haina haraka. Hapo ndipo inapowashinda watu.

Jumapili jua lilichomoza safi, mlima ukaonekana wote. Nyanya Celina alimpa Babu kikombe cha chai kabla ya kwenda kanisani. Babu aliunyoosha mkono, ukapita kando ya kikombe.

"Mbona mmejaza moshi humu?" aliuliza. "Fungueni dirisha."

Dirisha lilikuwa wazi. Nyanya alicheka, akamwambia amezoea maji na pembe moja imemwangusha. Babu akasema kichwa kinapasuka, na kwamba mbele yake ni ukungu mweupe mtupu. Kisha akatapika. Salesio alisema ni uchovu, aachwe alale. Jirani aliyepita akashauri uji mchachu. Hivyo ndivyo tunavyofanya siku zote: mtu anakufa, sisi tunamtafutia uji.

Cicily alisimama mlangoni. Alipiga hatua hadi mbele ya Babu, akapunga mkono karibu kabisa na uso wake. Macho ya Babu hayakufuata. Mboni zilikuwa pana na nyeusi, na pumzi yake ilikwenda mbio kama ya mtu aliyepanda kilima.

Nyanya sasa alikuwa ameanza kuogopa, na woga wake ulitafuta mtu wa kumlaumu. Alisema sauti ikipanda kwamba ni watu wa Bundi. "Sisi tulionja kwanza, pombe yetu ilikuwa safi, basi wao ndio waliomtilia kitu kwenye pembe." Salesio alimwacha mama yake aseme. Akamwacha awalaumu watu wasio na hatia, na baba yake ameinama juu ya beseni.

"Nyanya," Cicily alisema, "si watu wa akina Joyline. Ni sisi."

Nyanya aligeuka.

Cicily hakueleza. Alitoka mbio hadi jikoni, akaangusha kuni, akarudi na mtungi wa manjano, akauweka sakafuni katikati ya chumba. Harufu ilisema yaliyobaki.

Celina aliinama, akanusa. Ilikuwa harufu aliyoisikia kwenye shati la mwanawe wa kwanza, asubuhi aliyoshindwa kumwamsha. Akamgeukia Salesio.

"Ni wewe?"

"Nilitia kidogo, Mama. Ilikuwa imelala. Nilidhani..."

"Mpigie Joyline simu. Sasa hivi. Mwambie baba yake asiachwe alale."

Salesio alipiga. Joyline alisema kwa sauti ya chini kwamba baba yake bado yuko kitandani, anakoroma sana, na wamefunga mlango ili watoto wasimsumbue. Salesio alianza kueleza, akashindwa. Nyanya akamnyang'anya simu, akaeleza yeye.

Pikapu ya kubeba majani chai ilimchukua Babu, ikawazungukia wazee wanne mmoja mmoja. Wawili walikuwa wanaona ukungu na walikuwa wamewaficha wake zao jambo hilo, wakiona haya kusema pombe ya posa imewashinda. Wa tatu alikuwa akitapika, na wa nne alikuwa kanisani, akijiona mzima kabisa. Alitolewa katikati ya ibada akilalamika. Mzee Bundi alibebwa na gari jingine. Hakufika. Alikata roho njiani, kichwa kikiwa mapajani mwa Joyline.

Hospitalini, mjini Embu, muuguzi aliyewapokea aliitwa Sista Halimah. Swali lake la kwanza lilikuwa: wamekunywa nini? Kila mtu alisema asali. Cicily akamnyooshea mtungi.

Sista alinusa, akamwita daktari, na kuanzia hapo watu walikimbia. Babu aliwekewa dawa ya mshipani, kisha akapelekwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Baadaye Sista aliketi na Cicily na Nyanya kwenye benchi, akawaeleza polepole. Kuna spiriti ya viwandani, inayotumika kwenye rangi na kusafishia vyuma. Kwa macho na kwa ulimi inafanana na pombe nyingine, ndiyo maana wauzaji huichanganya, kwa kuwa bei yake ni rahisi. Ikiingia mwilini hugeuzwa kuwa sumu nyingine mbaya zaidi, na hiyo huchukua saa nyingi, mara nyingine hadi kesho yake. Ndiyo huua mshipa wa jicho. Huzuia mwili kutumia hewa. Mtu akionekana analala usingizi mzito, huenda anakufa.

"Hakuna uji wala maziwa wala kitunguu kitakachoitoa," alisema. "Ni kuwahi hospitali na kusema ukweli. Huu mtungi umetuokolea muda. Bila huo tungekuwa bado tunakisia."

Nyanya aliuliza kama pombe ya duka iliyo halali basi ni salama. Sista akatikisa kichwa. Alisema hiyo huua pia, ila kwa miaka. Wodi ya pili ilikuwa na wanaume waliovimba tumbo kwa sababu ini limekuwa gumu kama ngozi kavu. Na kwa mtoto ambaye ubongo wake bado unajengwa, hakuna kipimo kilicho kidogo.

Wazee wanne walipona. Babu alirudi nyumbani akiwa hai, akiwa na fimbo. Aliweza kutofautisha mchana na giza, basi.

Salesio alikwenda mwenyewe kituo cha polisi, akaandikisha maelezo, akamtaja Kiunga, akaachiliwa kwa dhamana. Duka la Kiunga likafungwa. Hayakupita majuma mawili likafunguliwa tena, mlango umepakwa rangi mpya ya buluu, mtu mwingine kwenye kaunta, mapipa yale yale. Askari walipita mbele yake wakitazama upande wa pili wa barabara. Basi siku ya soko Nyanya Celina alikwenda na kigoda chake, akakiweka mbele ya mlango wa buluu, akaketi. Mjane wa Mzee Bundi akaja na chake. Wakaja wengine, wenye waume waliopofuka, wenye wana waliolala wasiamke, kina mama wa miaka yote tuliyoambiwa tusahau. Hawakupiga kelele. Waliketi tu, na hakuna mteja aliyethubutu kuwaruka. Jioni askari walilazimika kuja, na safari hii mapipa yalipakiwa mbele ya macho ya wanawake, nao wakayafuata kwa miguu hadi kituoni wahakikishe yamefika. Kiunga na mwenzake sasa wana kesi. Celina haruki siku hata moja ya mahakama.

Joyline alikuja mara moja. Alikuwa amebeba kibuyu kikubwa, kimeoshwa na kukaushwa juani, na ile pembe ndani yake. Alivitua mlangoni. Kwa desturi, kibuyu kikirudishwa kitupu hivyo, maneno yamekwisha. Salesio alisimama uani, mikono ikining'inia.

"Ungengoja Jumamosi moja," Joyline alimwambia. "Mimi ningekungoja."

Alipompita Cicily alimgusa nywele, kisha akateremka njia ya mtoni.

Cicily alibaki kando ya Babu kwenye benchi la nje. Babu aliomba pembe, akaipapasa kuanzia mdomoni hadi nchani.

"Unalia?" aliuliza.

"Nilikuwa najua, Babu. Siku ile uliponisifu kwa makaa, nilikuwa najua."

Babu alimpapasa bega. "Aliyetia sumu ni mtu mzima. Aliyeiuza ni mtu mzima. Aliyekufunga mdomo ni mtu mzima. Huo mzigo usiubebe, si wako. Lakini nisikilize, kwa sababu sitaki uwe na uzee kama wangu. Kuonja kwanza kulikuwa na maana siku ambazo mwenye kuonja alijua kila kilichoingia. Mimi nilionja, ulimi ukakubali, koo likakubali. Macho yalipokuja kukataa, Bundi alikuwa tayari amekunywa kwa kuniamini mimi. Mtu akikuletea kitu cha kunywa, cha kumeza au cha kuvuta, akakuambia wengine wametumia wakabaki wazima, kumbuka kwamba hata mimi nilibaki mzima hadi kesho yake. Usikiguse. Na mtu akikuambia unyamaze juu ya kitu anachowalisha watu, hapo hapo nenda ukaseme, hata kama ni ndugu, hata kama arusi itavunjika."

Alimpa pembe aishike.

"Ukijua, mjukuu wangu, usingoje mzee aonje."