Sauti ya Mhusika wa Tisa

Kompyuta mpakato ilikuwa imetoweka, na utetezi wa tasnifu ulipangwa kuanza saa nne kamili. Inspekta aliingia chumba cha semina saa tatu na robo, akaitazama meza ndefu. Begi lilikuwepo. Simu ilikuwepo. Pamoja na kompyuta, mwizi alichukua vipokea sauti vya masikioni, vikuukuu, ambavyo hata jalalani visingeokotwa.

Kitasa hakikuvunjwa.

"Ufunguo anao nani?"

"Profesa, ambaye bado yuko njiani. Na mama wa ofisini." Mwanafunzi wa uzamili alikuwa ndani ya suti ya kuazima, jasho likimtoka. "Nilitoka dakika kumi tu, afande. Mlango unajifunga wenyewe."

"Tasnifu yako inahusu nini?"

"Sheria za kidijitali. Mtu akifa, sauti alizotuma mtandaoni ni za nani. Kampuni ilinipa za marehemu kumi na wawili. Nilisaini kwamba nitaficha majina, na leo nikimaliza kutetea nizifute zote."

"Nakala nyingine?"

"Hakuna. Kampuni ilishafuta za kwake, muda wa kuzihifadhi uliisha."

Inspekta alifunua tasnifu moja kati ya tano zilizojalidiwa. Kwenye kiambatisho, ambako maneno ya marehemu yalinakiliwa kwa namba badala ya majina, ukurasa wa Mhusika wa Tisa ulikuwa umejikunja katikati, kama uliodondokewa maji yakakauka. Miaka ishirini na miwili kazini, na bado hakuzipenda kesi zinazotatuka upesi.

"Nani alijalidi hizi?"

"Mama wa ofisini, jana."

Walimkuta mezani kwake, sweta mabegani, akipanga mafaili yaliyokwisha kupangika. Mwanafunzi alibaki mlangoni.

"Mama, naomba unisomee hapa. Macho yananisumbua," Inspekta alisema. Macho yake yalikuwa mazima kabisa.

Mama alipokea tasnifu. Sauti yake ilitoka taratibu. "'Mama, usiniwekee chakula, nitachelewa kidogo. Na usinisubiri sebuleni, mgongo utakuuma. Wewe funga tu, ufunguo ninao.'"

"Maandishi yameishia kwenye 'kidogo', mama."

Alijiziba mdomo kwa kiganja.

"Ni binti yangu," alisema hatimaye. "Aliondoka na ufunguo wake, wakaniletea ufunguo peke yake. Simu yangu ikaharibika wiki ya maziko, ujumbe huu ukapotea nayo. Miaka miwili nimewaandikia kampuni. Wananijibu akaunti ni ya marehemu, si yangu. Mimi niliyemzaa!"

"Na hawa wakampa mwanafunzi."

"Barua yake ya kuomba niliichapa mimi, afande. Nikaigonga muhuri kwa mkono huu. Akajibiwa kwa wiki tatu. Sikujua mwanangu yumo, mpaka jana najalidi."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Akinipa, anafukuzwa chuo. Asiponipa, nitamchukia. Na leo akimaliza kutetea, zinafutwa."

Alivuta droo ya chini. Kompyuta ilikuwa chini ya karatasi za mtihani, vipokea sauti vimeshachomekwa.

"Umemsikia?"

"Nenosiri silijui," alisema, na hapo ndipo alipolia.

Mwanafunzi naye alikuwa analia waziwazi. "Afande, nafuta malalamiko. Nimemsamehe. Anirudishie tu, nikatetee."

Saa ya ukutani ilionyesha dakika kumi kabla ya saa nne. Inspekta alifungua kinywa, lakini mama alimtangulia. Miaka kumi na tisa kwenye idara ya sheria alikuwa amechapa mengi.

"Akifuta malalamiko, kompyuta inarudi kwake na ahadi yake ya kuzifuta iko palepale. Kesi ikienda mahakamani, kompyuta hii ni kielelezo cha ushahidi. Kielelezo hakiguswi mpaka hukumu, sivyo?"

"Ndivyo, mama. Lakini utashtakiwa kwa wizi. Kazi itakwenda."

"Na hakimu anaweza kuamuru kisikilizwe?"

"Anaweza," Inspekta alisema.

Mama alifuta uso kwa ncha ya sweta, akamgeukia mwanafunzi. "Basi usinisamehe, mwanangu. Nakuomba sana. Nenda katetee kwa nakala za karatasi, nimezijalidi vizuri."

Mwanafunzi aliitikia kwa kichwa.

Inspekta alitoa fomu. Kwenye nafasi ya vitu vilivyopatikana aliandika: kompyuta mpakato moja. Mama akamshika mkono kabla hajafunga kalamu.

"Na sauti, afande. Andika na sauti."