Ukuta wa Darasa la Kwanza

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kuteka maji na kufagia uwanja, Gracia alimngoja rafiki yake Djamila kwenye kona ya barabara yao, katika mtaa uitwao Kenya jijini Lubumbashi. Kisha walitembea pamoja, wakiwapita mafundi wa kuchomelea vyuma na akina mama waliopanga mafungu ya mboga za lengalenga juu ya magunia, mpaka Chuo cha Tuungane. Watu wazima walijifunza huko ushonaji, useremala na umeme. Jumamosi chuo kiliwapokea pia watoto wa mtaa, wakasoma vitabu na kufanya mazoezi ya kusema mbele ya watu.

Gracia alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na sauti yake ilisikika vizuri kuliko ya wenzake wote. Kwa hiyo mkurugenzi wa chuo, Bwana Michée, alipotafuta mtoto wa kusimulia historia ya chuo siku ya kufungua jengo jipya la ghorofa, alimchagua yeye. Alimwambia akaulize nyumbani, kwa sababu marehemu babu yake, mzee Chishimba, ndiye aliyejenga darasa la kwanza.

Jioni hiyo Gracia aliketi karibu na bibi yake, Honorine, aliyekuwa akisonga bukari, ugali wa jioni. Bibi alifurahi kuulizwa. Alisimulia polepole, na mara nyingine aliacha kusonga kabisa, akitazama mbali kama anayewaona watu wa wakati ule.

Zamani, alisema, hapakuwa na chuo. Palikuwa na kiwanja kitupu, na kichuguu kikubwa ng'ambo ya barabara. Chishimba alikuwa mwashi kijana, naye alitaka kuwafundisha kazi vijana wa mtaa waliokaa bure, na mwalimu mmoja aliahidi kufundisha kusoma humo. Alianza kujenga darasa kwa haraka ili awahi mvua. Matofali yalikuwa hayajakauka vizuri, na msingi haukuwa na kina. Mvua za Desemba zilipokuja, asubuhi moja watu walikuta ukuta umelala chini. Baadhi yao walicheka. Chishimba alijifungia ndani, akakataa hata kuonana na majirani.

Ndipo Feza, jirani aliyekuwa na mtoto mgongoni, alipofika kwenye kiwanja akiwa kichwani na beseni la udongo wa kichuguu, ule wa kufyatulia matofali. Hakumwita mtu. Aliumwaga udongo ule, akarudi kuchukua mwingine. Kesho yake wanawake wengine walimfuata, kisha waume zao wakaja kufyatua matofali. Chishimba alisikia kelele zao kutoka nyumbani kwake, akatoka na mwiko wake wa uashi. Safari hii walichimba msingi wa kina, wakangoja mvua ziishe, wakayaacha matofali yakauke, wakayachoma vizuri tanuruni, na ukuta ukasimama. Mchana vijana walijifunza uashi ndani ya darasa lile. Alasiri wanawake walijifunza kusoma.

"Mvua ilikuwa inapiga bati, hatusikie mwalimu," bibi alisema huku akitabasamu. "Tulikuwa tunaimba tu, mpaka inaisha."

Gracia alilipenda kila jambo katika historia hiyo isipokuwa moja. Aliwaza wageni watakaokuja, na wenzake wa shule watakaoketi mbele, na jinsi watakavyocheka wakisikia kwamba ukuta wa babu yake ulianguka. Alimwonea babu huruma. Yeye mwenyewe pia aliona aibu.

Basi siku ya mazoezi alisema kwamba mzee Chishimba alijenga darasa la kwanza kwa mikono yake mwenyewe, na kwamba limesimama tangu siku ile mpaka leo. Aliisema kwa sauti nzuri. Bwana Michée alipendezwa sana, akawaagiza wanafunzi wa useremala wachonge ubao wenye jina la Chishimba, utundikwe juu ya mlango wa darasa lile. Watoto walipiga makofi. Djamila hakupiga.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Djamila alitembea hatua moja mbele. Mzee Feza alikuwa bibi yake, mama wa baba yake, na historia ile ilisimuliwa nyumbani kwao pia.

"Nkambo wangu iko wapi mu histoire yako?" Djamila aliuliza.

Gracia alijibu kwamba muda ulikuwa mfupi, mtu hawezi kusema kila kitu. Djamila aliongeza mwendo, akaingia kwao. Ila Jumamosi iliyofuata Gracia alipofika kwenye kona hakumkuta mtu. Alingoja mpaka akachelewa, akaenda peke yake. Darasani Djamila alikuwa ameketi upande mwingine.

Wiki nzima Gracia hakuwa na raha. Alitamani kwenda kwa Bwana Michée, lakini kila alipopita chuoni aliwaona maseremala wakisugua ubao, jina la babu yake likizidi kung'aa, na miguu ilimwongoza nyumbani. Mwishowe alikwenda kwa mzee Feza. Alimkuta amekaa barazani akichambua maharage, Djamila akiwa karibu naye. Gracia alisalimu, akaeleza alichosema na alichoficha, akaomba msamaha.

Mzee Feza hakukasirika. Alimwuliza tu kama alijua kwa nini yeye alibeba udongo siku ile. Gracia alisema alidhani ni kwa kumhurumia babu.

"Hapana," mzee Feza alisema. "Mutoto wangu alikuwa mugonjwa, nikamupa dawa ya kupakaa ngozi, akunywe. Sikujua kusoma. Alipona, lakini mie niliogopa sana. Nikasema, hii darasa isikufe mbele ya mie kujua kusoma. Chishimba alikuwa na akili ya kujenga, mie nilikuwa na kichwa ya kubeba."

Djamila alicheka kidogo, akasogea kumpa Gracia nafasi. Wakachambua maharage pamoja.

Nyumbani Gracia alimwuliza bibi yake kwa woga kama angeruhusu asimulie kuhusu ukuta ulioanguka. Honorine alishangaa. Alimweleza kwamba Chishimba mwenyewe alikuwa akiwasimulia wanafunzi wake wapya kila mwaka, akiwaonyesha mahali ukuta ulipolala, ili wasifanye haraka kama yeye.

Kesho yake Gracia alikwenda kwa Bwana Michée na kumwambia yote. Mkurugenzi alifikiri kidogo, kisha akamwambia kwamba aliyeharibu maneno ndiye anayefaa kuyatengeneza.

Siku ya sherehe uwanja ulijaa. Mbele ya jengo jipya walikaa wazee waliosoma katika darasa la kwanza, baadhi yao wakiegemea fimbo. Gracia alisimama akasimulia tangu kichuguu, na haraka ya babu yake, na ukuta uliolala chini. Watu walicheka, lakini kicheko hicho hakikumuumiza. Alipofika kwenye beseni la Feza, kicheko kilikwisha. Wazee wengine walifuta macho. Alipotaja mvua iliyopiga bati, wanawake wazee wa mstari wa mbele wakaanza kuimba ule wimbo wao wa zamani kwa sauti nyembamba, na Gracia akanyamaza mpaka walipomaliza.

Bwana Michée aliwauliza wazee kuhusu ubao. Walishauriana kidogo, wakataka jina la Chishimba libaki, na chini yake maseremala waongeze: na majirani zake.

Baada ya hotuba, Honorine alimwita Gracia kando. Alimshika mkono, akamwambia kwamba babu yake angefurahi.

"Ukificha kama muntu alianguka, unaficha na bale balimusimamisha," alisema. "Njo maana iko muzuri kusema kweli yote, mutoto wangu. Heshima ya Chishimba haikupunguka leo. Na ya wengine imerudi."

Kisha akamtuma ampelekee Feza sahani ya chakula, kwa sababu wazee walikuwa bado hawajala.