Kiti cha Carelle

Kila asubuhi, kabla ya kuosha vyombo, Koko Fidès alimtia mjukuu wake shimoni. Shimo alilichimba mwenyewe kando ya nyumba yao katika kambi ya wakimbizi, likamfika mtoto kiunoni. Alimsimamisha humo, akashindilia udongo, akaketi mbele yake kumwimbia. Carelle alikuwa na miaka miwili, na bado hakuweza kukaa.

"Kwetu Burundi njo tulifanya hivi," Fidès alimwambia Dévote, mama wa mtoto. "Mtoto muvivu, shimo inamuamusha."

Lakini Carelle alilia tu. Miguu yake ilikakamaa, ikapishana kama mkasi. Kwenye kula ndiko taabu ilikozidi. Mwili ulijinyoosha kama ubao, kichwa kikaenda nyuma, uji ukampalia. Mashavu yalikuwa yameanza kubonyea. Fidès aliogopa watamzika mtoto huyu.

Jumapili moja, baada ya misa, alipita Lucie wa Bukavu. Alikuwa akifanya kazi kwenye kliniki moja ya Lilongwe, akiwasaidia watoto wenye viungo vigumu. Alimkuta Fidès anamnyoosha mtoto miguu kwa nguvu.

"Koko, polepole. Ukivuta haraka, musuli inakaza zaidi."

"We binti, mi nilizaa batoto saba."

"Na bote ulibakomalisha. Basi nikutegee kitendawili?"

"Tega." Fidès alipenda vitendawili kuliko sukari.

"Mukubwa anakaa gizani, ndani ya nyumba ya mufupa. Hakuna anayemuona, lakini akituma neno, bote banatii."

Fidès alikuna kichwa. Mkono ukasimama palepale. "Ubongo."

"Njo yeye. Kutoka kichwani, mishipa ya fahamu inashuka kwa mugongo, inafika kwa kila musuli. Inapeleka maneno mawili: kaza, legeza. Sasa hivi umekaa kwa mukeka. Musuli ya mugongo inakaza kidogo, njo maana hauanguki. Wala hauifikirii."

Fidès alijipapasa mgongo, kama anaukagua.

"Na Carelle?" Dévote aliuliza. "Siku ya kuzaliwa alikawia sana kulia."

"Pengine njo pale ubongo iliumia. Neno la kaza linafika. La kulegeza linapotea njiani. Si uvivu, mama, na hakuna mutu alimuloga."

"Atapona?"

Lucie alimsogelea mtoto. "Ile ya ubongo haitaisha. Lakini kukaa na kula, tunaweza kumusaidia."

Alimpakata mtoto. Akamkunja nyonga na magoti, taratibu, kama mtu anayekunja nguo ya harusi. Akangoja. Miguu ikalegea. Kisha wakakata katoni ngumu ya mafuta ya msaada, ikawa kiti chenye mgongo na mikono. Walimkalisha Carelle humo magoti yakiwa yamekunjwa, nyayo zikiwa juu ya ubao. Katikati ya mapaja wakaweka kitenge kilichoviringishwa, miguu isipishane.

"Kichwa kiinamie mbele kidogo, kisha kijiko," Lucie alisema. "Na mukimubeba mugongoni, miguu itengane hivi."

Jioni hiyo Dévote alichukua jembe, akafukia shimo. Fidès alimtazama hadi akamaliza.

Siku za kwanza Carelle alichoka upesi, akateleza pembeni. Fidès alimrudisha, akamlaza, akamkalisha tena. Lucie naye alipita kila mwisho wa mwezi, akasogeza kitenge, akarekebisha ubao. Baada ya miezi mitatu, bakuli la uji lilikwisha bila mtoto kupaliwa. Mashavu yalijaa.

Siku moja Fidès alikuwa anakula nsima, ugali wa huku, na maharagwe kando ya kile kiti. Mkono wa Carelle ukanyooka polepole, ukakosa sahani, ukajaribu tena. Mara hii ukachota tonge.

"Dévote," Fidès aliita kwa sauti ndogo, asije akamshtua. "Kuja uone. Niko na mwizi hapa."