Msusi Mwenye Shingo Upande

Mama Pacha alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye viti viwili, kioo kirefu ukutani na dirisha linalotazama barabara. Kila asubuhi alifagia, akapanga vitana, akachemsha maji ya kuchovya ncha za rasta. Mikono yake ilikuwa na kasi. Wateja walisema ukisinzia kidogo tu, ukiamka unakuta kichwa kimekwisha.

Kisha shingo yake ikaanza kugeuka kushoto.

Mwanzoni alidhani amelala vibaya. Miezi ikapita, kidevu kikawa kinaelekea begani. Akikirudisha kwa nguvu, shingo ilitetemeka, halafu ikarudi kulekule. Ilimuuma kutwa nzima.

Siku moja mteja alimwambia mwenzake mlangoni, "Huyu siku hizi anatusuka shingo upande." Wakacheka. Utani ule ukazunguka mtaa mzima. Wateja wakaanza kupungua.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mumewe, Baba Pacha, alikuwa fundi wa makochi, mtu wa maneno machache.

"Naongea na wewe, Mama Pacha."

"Nakusikia, mume wangu."

"Unanisikia huku umenipa kisogo? Nimekukosea nini?"

"Sijakupa kisogo. Shingo inajigeuza yenyewe."

"Inajigeuza! Jana nimekuona umeshika kidevu, unatazama televisheni vizuri kabisa. Kwa hiyo televisheni inatazamika, mimi sitazamiki?"

Alichosema mumewe kilikuwa kweli. Akigusa kidevu kwa kidole kimoja tu, shingo ilinyooka kidogo. Akiondoa kidole, iligeuka tena. Hata yeye alianza kujiuliza kama ana akili timamu.

Jumamosi moja alikuja kusukwa muuguzi wa hospitali ya rufaa. Alikaa mbele ya kioo, akamwona Mama Pacha nyuma yake akisuka msuko mmoja, akigusa kidevu, kisha akisuka mwingine.

"Shoga, hebu gusa tena kidevu."

"Dada, usinicheke na wewe."

"Sikucheki. Nafanya kazi kliniki ya mishipa ya fahamu. Wagonjwa wetu wengi wa shingo hufanya hivyo hivyo. Mmoja hugusa shavu, mwingine kisogo. Mguso mdogo huutuliza ubongo kwa muda."

"Ubongo? Mimi naumwa shingo."

"Shingo inatii amri tu. Ubongo unatuma amri zisizo sawa, misuli inajikaza bila wewe kutaka. Ugonjwa huu unaitwa distonia. Si wazimu, na hakuna aliyekuroga."

"Kwa hiyo sijifanyi?"

"Hujifanyi hata kidogo. Na usikubali mtu yeyote akuvute shingo kwa nguvu, atakuumiza. Njoo kliniki. Mlete na mumeo, asikie kwa masikio yake."

Mama Pacha aliweka kitana chini, akalia. Muuguzi akamsubiri, nusu ya kichwa ikiwa haijasukwa.

Kliniki walipokewa na daktari wa ubongo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya taratibu. Alimpima Mama Pacha, akamwambia atembee, aandike, asuke nyuzi zilizofungwa kwenye kiti. Kisha akawaeleza jambo.

"Mimi natibu, na pia nafanya utafiti. Ningependa kukurekodi kwa kamera ili tuone shingo inavyobadilika. Unaweza kukataa. Ukikataa, matibabu yako hayabadiliki. Ukikubali leo, kesho unaweza kujitoa."

"Kwani hamjaujua bado ugonjwa huu?" Baba Pacha aliuliza.

"Tunajua kiasi, baba. Hatujui kwa nini mgonjwa mmoja hupata nafuu haraka na mwingine huchelewa. Ndiyo maana tunawafuatilia. Lakini hili nalijua: mkeo hajifanyi."

Mama Pacha alisomewa fomu yote ya utafiti, akauliza maswali yake, akatia sahihi.

Nje, kwenye korido, Baba Pacha aliinamisha kichwa. "Nimekusema vibaya mwaka mzima, mke wangu."

"Mwaka na miezi miwili," alijibu. "Usijipunguzie."

Wakacheka wote wawili, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Matibabu yalianza kwa sindano za kulegeza misuli, kila baada ya miezi mitatu. Wengi hutosheka na sindano hizo. Mama Pacha alipata nafuu mwanzoni, kisha nafuu ikapungua. Baada ya mwaka na nusu daktari alizungumzia upasuaji.

"Tutatoboa matundu mawili madogo kwenye fuvu, tupitishe nyaya nyembamba mpaka sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo. Utakuwa umelala usingizi wa dawa. Nyaya zitapita chini ya ngozi mpaka kwenye betri ndogo hapa, chini ya mtulinga." Daktari aligusa kifua chake karibu na bega. "Betri inatuma umeme mdogo sana, na umeme huo unatuliza zile amri mbaya."

"Hatari yake?" aliuliza Baba Pacha.

"Ipo. Damu inaweza kuvuja kwenye ubongo, ingawa ni mara chache. Kidonda kinaweza kuingia vijidudu. Maneno yanaweza kuwa mazito mdomoni. Na haiondoi ugonjwa, inaupunguza. Nendeni mkafikiri, hakuna haraka."

Walifikiri wiki tatu. Kilichomsumbua Mama Pacha hakikuwa matundu. Zilikuwa nywele. Lazima zinyolewe zote, na msusi mwenye upara atamsuka nani?

"Nitakunyoa mimi," mumewe alisema. "Na mimi utaninyoa. Tufanane."

Ndivyo walivyofanya, palepale saluni, mlango ukiwa wazi. Waliopita barabarani walichungulia. Safari hii hakuna aliyecheka.

Upasuaji ulikwenda salama. Wiki chache baadaye daktari aliweka kifaa kidogo juu ya kifua cha Mama Pacha, akabonyeza, betri ikawashwa. Wote wakaitazama shingo.

Haikusogea.

"Imekataa," alisema Baba Pacha kwa sauti ndogo.

"Haijakataa. Kwa distonia, ubongo hujifunza polepole. Wiki, hata miezi. Mtarudi hapa mara nyingi, tutaongeza na kupunguza umeme mpaka tupate kiasi chake."

Mwezi wa kwanza, hakuna kitu. Mama Pacha alikata tamaa, akalala ameutazama ukuta. Mwezi wa pili maumivu yakapungua. Mwezi wa tatu, asubuhi moja mezani, mumewe alikuwa akimweleza habari ya kochi lililokataliwa na mteja. Ghafla akanyamaza.

"Endelea," alisema Mama Pacha. "Mbona umekwama?"

"Unanitazama."

Hakuwa ameshika kidevu. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye kikombe.

Leo Mama Pacha anasuka tena kila siku. Akichoka sana, shingo huvuta kidogo kushoto, naye hupumzika. Huenda kliniki kupimwa, na anajua betri itabadilishwa siku ikichoka.

Juzi daktari alimwomba azungumze na mgonjwa mwingine, fundi wa kuchomelea mageti, anayengoja upasuaji kama wake. Walikaa kwenye benchi, nje ya mlango wa daktari.

"Niambie ukweli, dada. Inauma?"

"Kidonda kiliuma siku kadhaa. Kusubiri kuliniuma zaidi. Usitegemee uamke siku ya pili umenyooka."

"Na kazi nitafanya?"

"Mimi nafanya."

"Na kuchomelea? Ule umeme wa mashine yangu hautagombana na betri?"

Mama Pacha alimgeukia, akamtazama usoni.

"Hilo sijui, kaka. Mimi ni msusi. Ingia ukamuulize daktari, na usitie sahihi popote mpaka akujibu ukaelewa."

Fundi akainuka, akabisha hodi.