Msichana wa Dirisha la Mikeka

Mwezi wa tisa mji wa Niš, huko Serbia, hunuka pilipili za kuchoma, maana kila nyumba inapika ajvar, rojo la pilipili la kuvukia baridi. Siku hiyo sokoni, chini ya kuta za ngome, lilibaki gunia moja tu la pilipili nyekundu, na watu wawili walikuwa wamelishika, kila mmoja upande wake.

“Kaka, achia. Nimeliona tangu nikiwa kule kwenye jibini.”

“Kuona si kununua, dada.”

Nevena alivaa koti la rangi ya haradali na skafu ya kijani, nywele kazibana kwa kalamu. Kalamu ile ndiyo iliyommaliza Relja, mwalimu wa michezo, mtu mzima mwenye mabega mapana, akabaki kuduwaa kama mtoto. Waligawana gunia nusu kwa nusu, Relja akaomba namba ya simu.

Basi ikawa kila jioni ni simu.

“Mwalimu wangu, umekula?”

“Nimekula ajvar yako kwa kijiko, malkia. Kazini hawakuachii mapema?”

“Kazi ya dirishani, mpenzi. Watu hawaishi.”

“Benki na foleni zake!”

Nevena akacheka, akamwacha aamini ni benki. Akageuza maneno: “Slava yetu, siku ya mtakatifu wa ukoo wetu, ni Mitrovdan, tarehe nane Novemba. Sikualiki, lakini.”

“Najua. Slava haina mwaliko. Anayejua siku anakuja.”

Hata mama yake Nevena, Zagorka, aliwaambia ndugu kwamba binti yuko benki. Ukweli ni kwamba tangu kiwanda cha nguo kifungwe, Nevena alikuwa karani wa duka la kubeti. Alikaa nyuma ya kioo akipokea mikeka, zile karatasi za kubashiri mechi, kutoka kwa wastaafu na vijana wasio na kazi. Na watu wa mji huu nawajua mimi: usiku wanaota mkeka wao umetiki, asubuhi wanamtukana aliyeupokea.

Duka lilikuwa mtaa wa pili kutoka shule ya Relja, lakini Relja alikuwa akivuka barabara ili asipite hata mbele ya mlango wake. Mwishoni mwa Oktoba wazazi na walimu waliandika waraka wa kutaka duka lihamishwe mbali na watoto. Relja ndiye aliyeuandika, na ndiye aliyetumwa kuupeleka. Akasukuma ule mlango kwa mara ya kwanza, akaiona ile kalamu kwenye zile nywele.

“Nevena? Benki yako ndiyo hii?”

Uso wa Nevena uliiva. “Lete karatasi.” Akasoma kwa sauti: “‘Duka la aibu, linaloendeshwa na watu wasio na huruma.’ Haya umeandika wewe?”

“Mimi. Baba yangu aliuza akodioni yangu nikiwa na miaka kumi na moja, pesa akazimalizia kwenye dirisha kama hili. Na wewe umenidanganya miezi miwili!”

“Nilikuficha kwa sababu nilijua utanitazama hivyo unavyonitazama sasa.” Akaukunja waraka. “Nitamfikishia bosi. Anayefuata!”

Kuanzia hapo simu za Relja ziliita mpaka zikachoka. Siku ya tatu alirudi dukani, Nevena hakuwa zamu. Mzee mmoja aliyekuwa akijaza mkeka akamuuliza, “Unamtafuta yule wa kalamu? Siku ya pensheni huniambia mtambo umeharibika, niende kwanza nikanunue dawa zangu. Nikirudi, mtambo mzima!” Relja alitembea hadi nyumbani akijisemea moyoni kwamba yeye ni mpumbavu.

Siku ya Mitrovdan alipiga pasi suti yake nyeusi, akachukua chupa ya divai na maua, akagonga. Nevena akafungua, gauni la rangi ya zambarau, macho yamevimba kidogo.

“Sikukualika.”

“Hamwaliki mtu.”

Ikambidi ampishe, kwani siku hiyo mgeni harudishwi mlangoni. Baba yake Nevena alikwishafariki, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa mwenyeji. Na mwenyeji wa slava hakai siku nzima, anasimama akihudumia. Alimletea Relja kijiko cha ngano tamu ya kumpokea mgeni bila kumtazama.

Shangazi Ljubinka alikuwa amepamba moto. “Wale wa maduka ya kubeti ni wanyonyaji, wangefungwa wote!” Mumewe, Dragomir, akausukuma mkeka wake taratibu chini ya sahani. Nevena aliuona, akammiminia divai kana kwamba hakuona kitu. Relja naye aliona.

“Heri wewe mwanangu, uko benki,” shangazi akamalizia.

Nevena akaweka jagi mezani.

“Shangazi, siko benki. Mimi ni karani wa duka la kubeti. Mwaka wa nne huu.”

Zagorka alifumba macho. Vijiko vikasimama hewani.

“Na mimi niliandika kwamba hawana huruma,” Relja akasema pale pale alipokaa. “Nilimkosea. Sahihi yangu siifuti. Duka lile lisikae karibu na watoto, na hilo nitalisema popote. Lakini huyu ni mpenzi wangu. Wakilihamisha, nitamsindikiza kazini huko huko, mchana kweupe, nimemshika mkono.”

“Lo!” Ljubinka akashika kifua.

“Kula, mke wangu,” akasema Dragomir, kiwiko kikiilinda sahani yake. “Kabichi inapoa.”

Nevena akamgeukia Relja. Alikuwa anampenda, na sasa hakuwa na cha kuficha.

“Umekaa sana,” akamwambia.

“Unanifukuza?”

“Leo hatufukuzi mtu.” Akalichukua jagi la divai, akamnyooshea. “Wageni ndio wanaokaa. Inuka, Relja.”

Zagorka akaanza kulia. Relja aliinuka, akalipokea jagi kwa mikono miwili, akaanza kumimina kwa Dragomir. Hakukaa tena siku ile.